Uwe rubani kwa miezi sita? Kabla ya kuuzisha parseli, hesabu masaa

Wiki chache zilizopita, papa mmoja wa hapa Bunia aliingia katika ofisi ya redio na simu mkononi. Hakuleta tangazo la msiba wala la karte ya uchaguzi iliyopotea. Alitaka tumsomee picha ambayo alitumiwa kwenye WhatsApp: kijana mwenye shati jeupe na alama za dhahabu mabegani, amesimama mbele ya ndege ndogo, na maandishi makubwa yanayosema kwamba mtu anaweza kuwa rubani kwa miezi sita. Binti yake amepata D6 na alama nzuri. Papa ana parseli mbili. Swali lake lilikuwa fupi: « Mwanangu, niuzishe moja ama niache? »

Redio haina kazi ya kuamua juu ya parseli ya mtu. Lakini swali hili si la papa huyo peke yake. Wazazi wengine wanajiuliza vilevile, ndiyo sababu tumelifuatilia. Jibu kwa ufupi ni hili: kazi ya rubani ni ya kweli, na mtoto wa kwetu anaweza kuifikia. Ila masomo yake hayapimwi kwa miezi. Yanapimwa kwa masaa ya angani, na kila saa ina bei yake. Familia ikihesabu miezi bila kuhesabu masaa, feza inaweza kuishia katikati ya njia.

Kwa nini vijana wetu wanatazama juu

Kwa mkaaji wa nchi zingine, ndege ni kitu cha tajiri. Kwetu mashariki ni kama basi. Mgonjwa anayepelekwa Kinshasa, mfanyabiashara, mwanafunzi, dawa za hospitali, vyote vinapita angani, juu barabara ni mbaya ama watu wenye silaha wako njiani. Wakati kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa, mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika mjini, hata mtu ambaye hajawahi kupanda ndege alielewa maana yake: safari ya masaa machache iligeuka safari ya siku nyingi na ya kuvuka mipaka.

Kuna sababu zingine za matumaini. Mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na shule za Uganda na Kenya zikaonekana karibu zaidi. Mwezi wa kumi na mbili 2024, kampuni Air Congo ilianza kuruka, serikali yetu ikishirikiana na Ethiopian Airlines. Na kwa miaka mingi tumezoea kuona marubani wa kutoka nchi za mbali wakiendesha Antonov na Let zinazotua kwetu. Kijana anajiuliza: kwa nini si mimi? Swali hilo ni la haki kabisa.

Leseni si moja

Hapa ndipo tangazo la miezi sita linaposhika watu. Halisemi uongo moja kwa moja. Miezi sita inaweza kutosha kwa leseni ya kwanza. Lakini leseni ya kwanza haimpi mtu mshahara.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lile tunaita OACI, limeweka ngazi ambazo nchi zote zinafuata, na kila nchi inaweza kuongeza masharti yake.

Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi. Umri ni miaka 17 kwenda juu, na masaa ya angani yasipungue 40, ama 35 kama mafunzo yote yako chini ya programu iliyoidhinishwa. Ukiwa nayo unaweza kurusha ndege ndogo, unaweza kubeba rafiki ama ndugu, lakini huruhusiwi kulipwa kwa kazi hiyo. Ni kama mtu mwenye permi ya gari lake ya nyumbani: haimpi ruhusa ya kuendesha basi la abiria.

Ngazi ya pili ni leseni ya biashara. Hii ndiyo inafungua mlango wa kazi. Umri ni miaka 18, na masaa 200, ama 150 katika programu iliyoidhinishwa. Kati ya masaa hayo, sehemu kubwa mwanafunzi lazima awe yeye mwenyewe ndiye mkubwa wa ndege, si kukaa pembeni ya mwalimu.

Juu ya hapo kuna ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo, wakati mawingu yamefunga na macho hayaoni chini. Kuna pia ruhusa ya ndege yenye injini mbili. Bila hizo mbili, makampuni mengi hayatafungua hata barua yako. Na mwisho kuna leseni ya rubani wa mistari ya anga, ya miaka 21 na masaa 1,500. Bila hiyo huwezi kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme saa moja ya ndege ndogo pamoja na mwalimu ni dolare 200. Ni mfano wa hesabu tu, si bei ya shule fulani. Masaa 40 ni dolare 8,000. Masaa 200 ni dolare 40,000. Na saa ya ndege ya injini mbili iko ghali zaidi. Ongeza chumba, chakula, kibali cha kukaa katika nchi ya watu, vitabu, malipo ya egzame, munganga. Ongeza pia jambo ambalo matangazo hayasemi: masaa 40 ni kiasi cha chini. Wanafunzi wengi wanayapita kabla mwalimu hajakubali wafanye egzame. Na mtu akikatiza masomo miezi mitatu juu feza imekwisha, mikono inasahau. Anaporudi, masaa ya kwanza anayatumia kukumbuka alichokwisha kulipia.

Ndiyo maana mzazi mwenye feza ya leseni ya kwanza tu, bila kujua ya pili itatoka wapi, yuko katika hatari zaidi kuliko yule asiye na kitu. Huyu wa pili atatafuta njia nyingine. Yule wa kwanza atauzisha parseli, mtoto atarudi na leseni isiyomwajiri, na parseli haitarudi.

Munganga kwanza, shule baadaye

Kabla ya kulipa hata dolare moja ya masomo, kijana apimwe na munganga aliyekubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi anakotaka kusomea. Si munganga yeyote. Kwa leseni ya biashara kinahitajika cheti cha afya cha daraja la kwanza. Wanapima macho, pamoja na kutofautisha rangi, masikio, moyo, presha, na wanauliza kama mtu amewahi kupoteza fahamu ama ana kifafa. Kuvaa miwani si mwisho wa safari: mtu anayeona vizuri akiwa na miwani anaweza kukubaliwa. Lakini kuna wanaogundua baada ya kulipa minervali kwamba hawatofautishi nyekundu na kijani. Kipimo hicho kingefanywa mapema, familia ingebaki na feza yake.

Cheti hicho pia hakidumu. Rubani wa biashara anapimwa tena kila mwaka, na akipita umri fulani hata zaidi. Ni kazi ambayo mwili wako ni sehemu ya leseni.

Kiingereza njo mlango

Hapa tuseme ukweli kwa lugha yetu: Kifaransa peke yake hakitoshi. Uganda na Kenya masomo yote, egzame na redio ya ndege ni kwa Kiingereza. OACI imeweka vipimo sita vya lugha, na rubani wa safari za kimataifa lazima afike angalau kipimo cha nne. Anayeishia cha nne anapimwa tena kila miaka mitatu.

Kuna kijana anayejua vizuri hesabu na fizike, lakini mnara wa uongozaji ukimwambia mambo manne kwa haraka, urefu wa kupanda, upande wa kugeuka, namba ya redio na jina la njia, anakamata mawili tu. Angani hakuna nafasi ya kusema « rudia » mara tano wakati ndege nyingine iko nyuma yako. Mwaka mmoja wa Kiingereza hapa Bunia, ama miezi michache Kampala, unagharimu kidogo sana ukilinganisha na masaa ya ndege yanayopotea juu mwanafunzi hamwelewi mwalimu.

Siku za kwanza zinaendaje

Wengi wanafikiri siku ya kwanza utashika usukani na kupaa. Siku ya kwanza mara nyingi ni kuzunguka ndege kwa miguu. Mwanafunzi anashika orodha ya ukaguzi na kuangalia kitu kimoja kimoja: magurudumu, mabawa, mkia, mafuta ya injini. Anachota mafuta kidogo kutoka kwenye tenki ndani ya chupa ndogo ili aone kama hakuna maji. Mafuta ya ndege ndogo kama Cessna 172 yana rangi ya buluu. Si yale ya ndege kubwa, na ukikosea aina, injini inaweza kuzima mara tu umetoka ardhini.

Angani, masomo ya kwanza ni mambo manne: kwenda sawa, kupanda, kushuka, kugeuka. Yanaonekana rahisi, mpaka mwalimu atakapoachia na pua ya ndege ianze kuzunguka peke yake. Halafu mwalimu anainua pua makusudi mpaka mabawa yashindwe kushika hewa, ndege inaanguka kidogo, na mwanafunzi anajifunza kuirudisha. Tumbo linapanda kooni. Wengine wanatapika masaa ya kwanza, na haina maana kwamba hawafai.

Kisha kunakuja siku nyingi za kupaa, kuzunguka kiwanja, kutua, kupaa tena. Hapo ndipo mtu anakata tamaa, juu kutua kunakataa. Leo umetua vizuri mara tatu, kesho unagonga lami kama mtu aliyesahau yote. Ni kawaida. Halafu asubuhi moja, wengi wakiwa na masaa kumi na kitu ama ishirini na kitu, mwalimu anafungua mlango, anashuka, anasema: « Zunguka mara moja, rudi. » Ndege bila mwalimu ni nyepesi, inapanda haraka kuliko ulivyozoea. Hakuna mtu pembeni. Kila rubani anakumbuka siku hiyo.

Baadaye kuna safari ya peke yako ya kilometa 270, na kutua katika viwanja viwili tofauti kabla ya kurudi. Na jioni kuna daftari: sheria za anga, hali ya hewa, kutafuta njia, injini, mwili wa binadamu angani, uzito wa ndege. Kijana aliyetoroka masomo ya fizike atakutana nayo huko.

Somo kubwa ni kusema hapana

Hilo somo la uzito linatuhusu sisi wakaaji wote, hata tusiokuwa na mtoto shuleni. Mwanafunzi anafundishwa kuhesabu kila kilo: watu, mizigo, mafuta, na mahali kila kitu kinawekwa. Anafundishwa pia kwamba joto na urefu vinapunguza nguvu ya ndege. Bunia iko juu ya metre 1,200 kutoka usawa wa bahari, Goma juu ya 1,500. Hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iondoke. Mzigo uleule ambao ungekuwa sawa pwani unaweza kuwa mwingi hapa, saa saba za mchana, jua likiwaka.

Nchi yetu imelipa bei ya mambo haya. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 1996, Antonov iliyopakizwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kwenye kiwanja cha Ndolo, Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya 200. Goma imeona ndege ikiishia katika nyumba za watu mwezi wa nne 2008, na tena tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, ile iliyokuwa inaenda Beni. Kila ajali ina sababu zake, hatuzichanganyi hapa. Lakini tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeweka makampuni ya Congo katika orodha ya wasioruhusiwa kuruka kwake, na leo orodha hiyo inagusa makampuni yote yanayosimamiwa na mamlaka ya nchi yetu. Sababu inayotajwa ni usimamizi dhaifu. Orodha hiyo inahusu makampuni. Mtu binafsi mwenye leseni nzuri hayumo.

Kwa hiyo shule nzuri haifundishi tu kupaa. Inafundisha kukataa kupaa. Mwenye mzigo atasema: « Ongeza tu kidogo, ni kilo hamsini. » Mkubwa wa kazi atasema abiria wanangoja toka asubuhi. Wingu jeusi liko upande wa mlima. Rubani aliyejifunza vizuri anasema hapana, na anajua kwa nini. Tukitafutia mtoto shule ya bei rahisi inayokata masomo haya, siku moja sisi wenyewe tutakaa nyuma yake na mikanda imefungwa.

Wapi, na kurudi namna gani

Kwa mtu wa Ituri, shule ya zamani iliyo karibu ni ya Soroti, mashariki ya Uganda. Ilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na ile jumuiya ilipovunjika 1977, Uganda iliendelea nayo. Nairobi, kwenye kiwanja cha Wilson, kuna shule kadhaa za watu binafsi. Addis Ababa kuna chuo kikubwa cha Ethiopian Airlines kinachopokea pia wanafunzi wa nchi zingine. Kila moja ina masharti na bei yake, na bei hubadilika, kwa hiyo uliza shule yenyewe, si mtu wa kati.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Leseni inatolewa na nchi uliyosomea. Ndege za Uganda zina alama ya 5X, za Kenya 5Y, za Congo 9S. Sheria ya kimataifa inasema rubani lazima awe na leseni iliyotolewa ama kukubaliwa na nchi ilikoandikishwa ndege. Maana yake, kijana aliyesomea Soroti hawezi kupanda tu katika ndege ya 9S na kuanza kazi. Lazima leseni yake ikubaliwe na mamlaka yetu ya usafiri wa anga, AAC, ambayo makao yake yako Kinshasa. Weka safari hiyo na malipo yake ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Na kazi? Mwenye masaa 200 ni mwanafunzi machoni pa makampuni mengi. Wanataka masaa zaidi, na ili upate masaa zaidi unahitaji kazi. Wengine wanatoka katika mzunguko huo kwa kuwa walimu wa shule ileile, wengine kwa kuanza kama rubani msaidizi katika ndege ndogo za mizigo. Inaweza kuchukua miaka. Anayependa ndege lakini hana feza ya masaa asisahau mafundi wa ndege, waongozaji wa mnara, wataalamu wa hali ya hewa. Nao ndio wanaofanya ndege ifike, na masomo yao hayahitaji kulipia masaa ya angani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Shule ina kibali cha mamlaka ya nchi yake kwa leseni unayoitaka? Omba namba, kisha uliza mamlaka yenyewe. Bei wanayosema inafika leseni gani, na ni masaa mangapi ndani yake? Nani analipa nikipita masaa hayo? Ndege ngapi zinaruka kweli leo, na wanafunzi wangapi wanazingoja? Ninaweza kulipa kwa vipande, kufuatana na masaa niliyoruka? Nikiondoka katikati, ninarudishiwa nini? Na kila saa iliyorukwa iandikwe katika kitabu cha masaa cha mwanafunzi na kusainiwa, juu saa isiyoandikwa haipo.

Tuliandika maswali haya kwenye karatasi moja na kumpa yule papa. Aliyasoma polepole, akauliza maana ya 9S, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni. Alisema binti ataanza na munganga wa macho na masomo ya Kiingereza. Parseli bado iko yake. Na binti bado anataka kuruka, ila sasa anajua saa moja inagharimu nini.